Lupanga na Maji ya Ruvu

Sisi watu wa Bagamoyo twaujua mto Ruvu pale uingiapo baharini, kaskazini ya mji wetu. Lakini wachache wamekwenda kutazama maji yake yatokako. Basi siku moja ya likizo tuliondoka Morogoro alfajiri pamoja na rafiki yetu, tukaupanda Lupanga katika milima ya Uluguru, ambao urefu wake wapita meta 2,100. Njia yake imesimama kama ngazi. Tulishika mizizi kwa mikono, na miguu ikateleza katika matope. Yapata saa sita ukungu ukatufunika juu ya mgongo wa mlima. Rafiki yetu akaumia goti, akatusihi tumwache, tuendelee. Tukakataa, tukaketi naye chini ya mti. Katika kimya kile tukasikia matone yakianguka kila upande, wala mvua haikunyesha: majani yalikuwa yakinasa ukungu, na maji yakishuka kwenda mto Ngerengere, na kisha Ruvu. Tukashuka polepole, yeye akituegemea; kilele hatukukiona.

Ndugu, akataye msitu ule humpunguzia maji mtu wa pwani asiyemjua. Nasi tunywao maji hayo tusimsahau akaaye mlimani na shida zake. Maana yeye naye ni jirani yetu.