Mashine ya Mjomba

Mwaka 1996, nilipokuwa na umri wa miaka 12, nilikaa kwa bibi yangu Malindi, katika Mji Mkongwe wa Unguja. Mjomba wangu alikuwa na mashua, na penye tezi alifunga mashine ndogo ya petroli ya kuzungusha rafadha. Kwa chombo hicho alichukua wageni kutoka pwani ya Forodhani mpaka kisiwa cha Changuu, mwendo wa kilomita 5 na nusu hivi, waende kutazama makobe wakubwa walioanza kuletwa huko kutoka Shelisheli mwaka 1919. Katika nauli hizo tulipata chakula, na mimi nilipata madaftari na nguo za shule.

Siku moja ya mwezi wa Julai, wakati wa kusi, mashine ikaanza ugonjwa. Asubuhi iliwaka kwa kuvuta kamba mara moja tu, ikalia vizuri. Lakini tulipokwisha kwenda dakika 10 hivi, sauti yake ikapungua, ikakohoa, ikazimika. Mjomba akafungua kifuniko cha tangi ili atazame kama mafuta yamo. Akaona yamo tele. Akafunga, akavuta kamba, nayo ikawaka. Baada ya dakika 10 nyingine ikazimika tena. Akasema, "Imechoka. Tuipumzishe."

Pengine ninyi hamjapata kuona ndani ya mashine kama hii. Si jambo la uchawi. Yataka vitu vitatu: mafuta, hewa na moto. Petroli iliyochanganywa na oili hufika katika kabureta, na huko hukutana na hewa. Kisha plagi hutoa cheche, mchanganyiko ule ukawaka na kuisukuma pistoni. Hata mashine ya mafuta ya ndege ya kuchezea, ambayo yaweza kuwa ndogo kuliko ngumi ya mtoto, haiendi bila ya vitu hivyo vitatu. Kikikosekana kimoja, vile viwili havifai kitu.

Mjomba aliyajua hayo, ila hasira ilimtangulia. Siku ya pili alizitoa plagi, akaziona kavu kabisa. Ukavu ule ulikuwa ukimwambia kwamba mafuta hayafiki, lakini hakuusikiliza. Akatia plagi mpya, akasafisha kabureta, akakaza mpira wa mafuta, yote kwa mara moja. Mashine ikawa vile vile. Ndipo akasema, "Petroli hii imetiwa maji."

Akaenda kwa mzee aliyemwuzia, akamgombeza mbele ya watu na kumwita mwizi. Yule mzee hakujibu neno. Akaitia petroli yetu katika chupa nyeupe, akaiinua mwangani. Kisha akasema kwa upole, "Maji ni mazito kuliko petroli. Kama yamo, yatashuka chini nawe utayaona." Tukangoja kitambo. Hapakuwa na hata tone moja. Mjomba akaondoka bila ya kusema samahani.

Siku ya tatu tulichukua abiria wanne. Katikati ya safari mashine ikazimika. Mara hii mjomba hakufungua tangi, maana alijua kwamba mafuta yamo. Alivuta kamba tu, asipate kitu. Upepo ukatusukuma kaskazini, mashua ikaenda arijojo, na mtoto mmoja wa abiria akaanza kulia. Tukapiga makasia mpaka viganja vikatoka malengelenge. Nilipokuwa nikivuta kasia niliona jambo moja. Ile pampu ya mpira, iliyo kati ya tangi na mashine, ilikuwa imenywea kama tumbo la mwenye njaa. Sikujua maana yake.

Usiku ule mjomba alisema kwamba ataiuza mashine kwa bei yoyote atakayopewa. Bibi hakusema kitu. Alichukua kopo la maziwa ili atutilie katika chai, akalitoboa tundu mbili, moja huku na moja huku.

Nikamwuliza, "Bibi, maziwa hutoka kwa tundu moja. Ile ya pili ni ya nini?"

Akanijibu, "Ni ya pumzi, mjukuu wangu. Ukitaka kujua, izibe."

Nikaiziba kwa kidole, na maziwa yakakatika. Nikaondoa kidole, yakatiririka tena. Mara moyo wangu ukashtuka. Juu ya kifuniko cha tangi letu palikuwa na parafujo ndogo. Ikilegezwa, hewa huingia kushika mahali pa mafuta yanayotoka. Ikikazwa, tangi hukosa pumzi, na mashine hunyonya bure mpaka ikazimika. Kila mara mjomba alipofungua kifuniko, hewa iliingia bila ya yeye kujua. Ndiyo sababu mashine iliwaka tena.

Na parafujo ile niliikaza mimi. Jioni moja kabla ya ugonjwa kuanza, nilipewa tangi nilipeleke nyumbani, nami nikaikaza kwa nguvu ili mafuta yasimwagike njiani. Sikuilegeza tena.

Nilikesha usiku ule. Ningeweza kuamka mapema na kuilegeza kwa siri. Mashine ingepona, wala hakuna ambaye angejua. Lakini yule mzee wa petroli angebaki na jina la mwizi.

Kulipokucha nikamweleza mjomba yote. Akanitazama kitambo, nami nikangoja kofi. Lakini alisema tu, "Twende pwani. Leo tusiguse kitu kingine ila parafujo hiyo."

Tukailegeza, tukaenda Changuu na kurudi, wala mashine haikukohoa hata mara moja. Tulipokaribia Forodhani nikadhani kazi imekwisha, lakini mjomba akaikaza parafujo kwa makusudi. Baada ya dakika chache pampu ikanywea, mashine ikazimika. Akailegeza, tukasikia hewa ikiingia kwa mlio mwembamba, na mashine ikawaka. Akasema, "Siku zote hizi tulikuwa tukikisia. Sasa tumejua."

Kisha akanishika mkono, tukaenda kwa mzee wa petroli. Mjomba alimwomba radhi mahali pale pale alipomtukana, na watu wakisikia. Mzee akampa mkono, akaniuliza mimi, "Nawe ulijuaje?" Nikamwambia habari ya kopo la maziwa, akacheka sana.

Tangu siku ile nimetengeneza mashine nyingi, na desturi yangu ni hii. Kwanza hutazama yaliyo mepesi kabla ya kufungua yaliyo magumu. Hubadili jambo moja tu, kisha hujaribu. Hujiuliza ni kitu gani kilichoguswa kabla ya ubovu kuanza, na nani aliyekigusa. Na nikiona kwamba ni mkono wangu mwenyewe, husema upesi, maana wazee walinena kweli: mficha maradhi, kilio humfichua.