Upande wa Meza

Iko miji ivaayo vazi moja umri wake wote, na iko ibadilishayo nguo kila ajapo mgeni. Malindi ni wa namna ya pili. Mwaka 1415 ulipeleka twiga kwa mfalme wa China. Mwaka 1498 ulimpokea Vasco da Gama, ukampa rubani wa kumfikisha Bara Hindi. Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, fahari yake ilihamia Mombasa pamoja nao. Katika karne ya 19 ulifufuka kwa mashamba ya nafaka, yaliyolimwa kwa jasho la watumwa. Katika miaka ya 1930 zikaja hoteli za Waingereza. Kisha wakaja Waitaliano, ambao mwaka 1967 walirusha setilaiti kutoka jukwaa lililosimama baharini Ngomeni. Na nyuma ya mafundi wakafuata watalii, majumba ya makuti na taa za usiku.

Mimi ni mtu wa bara ya Kilifi, upande wa Ganze. Malindi niliijua ya mchana: soko, hospitali, na kituo cha matatu. Malindi ya usiku, yenye taa za rangi katika barabara ya Lamu, sikuitaka. Mwalimu ni mtu wa kutazamwa. Akionekana mlangoni pa nyumba ya kamari, habari hufika kijijini kabla yake. Lakini mwaka 2018 shangazi yangu alinituma nikamshawishi mwanawe aache kazi ya kuendesha meza katika nyumba mojawapo ya namna hiyo. Kijana akanijibu kwa adabu, “Kaka, nitakusikiliza. Lakini kwanza njoo uione.” Sharti lilikuwa la haki, nami nikaenda shingo upande.

Ndani mlikuwa na baridi na zulia zito lililomeza sauti ya nyayo. Sikuona saa ukutani, wala dirisha la kumwonyesha mtu kuwa kumekucha. Wageni wazee walicheka pole pole. Vijana wa mjini hawakucheka. Ndugu yangu alisimama wima, shati jeupe, tai nyeusi, akizungusha gurudumu. Kigololi kilikimbia, kikarukaruka, kikatua. Mmoja alipiga kelele za furaha, na kila mtu akageuka kumtazama. Waliopoteza hawakutazamwa na mtu.

Kwa kuwa nafundisha hesabu, nilihesabu. Gurudumu lile lilikuwa na nafasi 37, kuanzia sufuri hadi 36. Anayepata nambari moja hulipwa mara 35 ya fedha aliyoweka, na kurudishiwa ile yake. Basi chukulia, mwanafunzi, kwamba mtu ameweka shilingi 100 katika kila nafasi. Ametoa 3,700. Hawezi kukosa, maana ameshika nambari zote; lakini atapokea 3,600 tu. Mia moja imebaki kwa mwenye nyumba, bila hila na bila wizi. Kila mzunguko una sehemu yake hiyo ndogo, na gurudumu halilali.

Kazi ilipokwisha nilimweleza ndugu yangu hesabu hiyo. Akacheka. “Ndiyo sababu mimi nimesimama upande huu wa meza, Kaka.”

“Na wale wa upande wa pili?”

Kicheko kikakoma. “Wengine nawajua kwa majina,” alisema.

Nilimpelekea shangazi habari kamili: kwamba mwanawe hachezi, kwamba mshahara wake ndio unaolipa karo ya wadogo zake, na kwamba anayoyaona kila usiku yanamwelemea. Hukumu nilimwachia mwenyewe. Alikaa katika kazi ile mpaka mdogo wake wa mwisho alipomaliza shule, kisha akaondoka.

Nyumba ya kamari ya siku zile ilikuwa na bawabu mlangoni, na kijana wa shule hakupita. Leo kamari imo ndani ya simu, nayo simu haina bawabu. Mavazi yamebadilika, kama Malindi ilivyozoea kubadili yake. Hesabu ni ile ile.

Sisi walimu huwafundisha watoto kwamba haba na haba hujaza kibaba. Mchezaji huidharau methali hiyo, akitaka kibaba kijae kwa mkupuo mmoja. Mwenye meza haidharau: huokota haba yake kila mzunguko, usiku kucha, mwaka mzima, na kwa haba hizo hununua taa zile zinazomvuta mchezaji. Basi ewe kijana, kabla hujaketi mahali panapong'aa, uliza kwanza kibaba kinachojaa pale ni cha nani.