Kutoka Katandala Hadi Mjini: Miguu, Baiskeli, Pikipiki

Mkoa wa Rukwa ulipoanzishwa mwaka 1974, Sumbawanga ilipata watu wa aina mpya: watu wanaotakiwa kuwa kazini saa moja na nusu asubuhi, kila siku, kiangazi na masika. Hadi hapo watu wengi wa mtaa wetu wa Katandala walikuwa wakulima, na mkulima huamka na jua lake. Baba yangu alikuwa mmoja wa waliovuka kutoka jembe kwenda ofisini. Alilima ulezi na maharage kwenye matuta, kisha akaajiriwa kuwa tarishi katika ofisi mpya za mkoa. Tangu mwaka ule, nyumbani kwetu habari ya safari ya kwenda mjini na kurudi haikuisha mdomoni.

Wakati huo safari ilikuwa ya miguu. Ufipa, nchi yetu hii, ni ya juu na ya baridi, na mvua zake huanza Novemba zikaendelea hadi Aprili. Masika yakikolea, udongo mwekundu unashika mguu kama unadai deni. Baba aliondoka nyumbani na ndala, viatu vya ofisini amevifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuubana kwapani. Karibu na mjini palikuwa na kijito. Hapo wafanyakazi waliinama kwa mstari, wakaosha miguu, wakaifuta kwa kitambaa, wakavaa soksi na viatu, ndipo wakaingia ofisini wakiwa nadhifu. Nilimsindikiza mara nyingi nilipokuwa nakwenda shule, na picha ile ya watu wazima wameinama majini bado ninayo. Watu wale waliiheshimu kazi yao kuanzia njiani.

Jambo jingine nililoliona utotoni ni kwamba hakuna aliyekwenda mjini peke yake. Mama zetu na vikapu vya maharage vya kupeleka sokoni, makarani, walimu, wanafunzi, wote walishika njia moja. Habari za mji zilitembea kwa miguu pamoja nasi: nani kafiwa, nani mgonjwa, duka gani limeletewa sukari. Ukikosekana njiani siku mbili, siku ya tatu mtu anapiga hodi kwenu kuuliza kulikoni.

Baiskeli ilifika nyumbani mwishoni mwa miaka ya sabini. Ilikuwa Swala, iliyotengenezwa Dar es Salaam na Kampuni ya Taifa ya Baiskeli, na kuipata kulihitaji kusubiri na kujuana. Haikuchukua muda nchi ikaingia kwenye vita vya Kagera, kisha kwenye miaka ya uhaba. Mafuta yakawa adimu hadi serikali ikapiga marufuku magari binafsi kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Marufuku hiyo haikutugusa sana Katandala, maana mwenye gari binafsi alikuwa wa kuhesabika. Kilichotugusa ni tairi na tyubu. Tyubu ya Swala ya baba ilibandikwa kiraka juu ya kiraka, na siku ilipogoma kabisa kuna fundi aliyejaza majani makavu ndani ya tairi, baba akaendelea kupiga pedali. Gari tulilolijua zaidi watoto lilikuwa la RUDEP, mradi wa maendeleo vijijini uliofadhiliwa na Norway, ambao uliacha barabara na visima sehemu nyingi za mkoa wetu. Likipita, tulikimbia nyuma ya vumbi lake hadi pumzi zinakatika.

Nami nilipomaliza mafunzo ya uuguzi na kuanza kazi mwishoni mwa miaka ya themanini, nilirithi baiskeli ile. Msichana juu ya baiskeli alikuwa gumzo. Wapo wazee waliomwendea baba kumwambia kwamba binti yake anajianika. Baba aliniita akaniambia, "Mwanangu, panda. Mgonjwa wa saa nane za usiku hataki kujua wewe ni mwanamke au mwanaume, anataka ufike." Nilipanda. Zamu za usiku nilikwenda na taa ya dainamo, ile inayosuguana na tairi: ukikanyaga kwa nguvu mwanga unakuwa mkali, ukichoka mlimani mwanga unafifia, nawe unaona hatua mbili tu mbele yako.

Huko kazini ndiko nilikojifunza maana halisi ya usafiri. Wajawazito waliletwa na mikokoteni ya maksai kutoka vijijini, wengine juu ya karia ya baiskeli, mume anasukuma na shemeji anamshikilia mgonjwa kwa nyuma asidondoke. Walianza safari jioni wakafika alfajiri. Baadhi walifika tukiwa hatuna tena la kuwafanyia. Ndiyo maana siwezi kuungana na wanaosema kwamba zamani kulikuwa kuzuri kwa sababu kulikuwa na utulivu. Utulivu ule ulikuwa na gharama yake, na walioilipa mara nyingi walikuwa kina mama.

Biashara ilipofunguliwa miaka ya tisini, Phoenix za China na Hero za India zikajaa madukani. Vijana wakashonea sponji kwenye karia, wakaanza kubeba abiria. Mama mwenye kikapu chake aliketi upande, miguu pamoja, kijana akakanyaga pedali hadi jasho linamtiririka mgongoni. Ilikuwa nafuu, na mwendo wake uliruhusu bado watu kusalimiana.

Kisha ikaja pikipiki. Kuanzia kama mwaka 2008 vijana wa baiskeli walianza kuhamia kwenye bodaboda mmoja baada ya mwingine, na kanuni za leseni za mwaka 2010 zikairasimisha biashara hiyo nchi nzima. Mtaani kwetu kijiwe cha kwanza kilikuwa chini ya mti, na kijana niliyemtibu surua akiwa mtoto ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniambia, "Mama, panda nikupeleke." Pikipiki haikuwa yake. Aliiendesha kwa mkataba: kila jioni anampelekea tajiri hesabu, na muda wa mkataba ukiisha bila deni chombo kinakuwa chake. Kwa njia hiyo vijana wengi wa Katandala wamejenga, wameoa na wamesomesha wadogo zao.

Barabara kuu nayo ilibadilika. Kutoka Tunduma hadi Sumbawanga ni kilomita zipatazo 223, na masika basi lilikuwa likilala njiani, abiria wakishuka kusukuma. Kwa fedha za MCC, shirika la serikali ya Marekani, chini ya mkataba wa mwaka 2008 hadi 2013, barabara ile iliwekwa lami kwa vipande vitatu: Tunduma hadi Ikana, Ikana hadi Laela, Laela hadi Sumbawanga. Vipuri, mafuta na pikipiki zenyewe vikafika kwa urahisi. Mwalimu akaweza kulala mjini na kufundisha kijijini, mfanyabiashara akaenda Laela mnadani akarudi jioni hiyo hiyo. Ndani ya manispaa, programu ya kuimarisha miji iliyogharamiwa na Benki ya Dunia ikaleta mitaa ya lami na taa. Mabasi nayo yakahamia stendi ya Katumba Azimio, na msafiri wa Katandala ambaye zamani alijitwisha begi akatembea hadi stendi, leo anaanza safari kwa kutafuta bajaji.

Simu ya mkononi ilipokutana na bodaboda, kazi yetu ya uuguzi ilibadilika kuliko nilivyotarajia. Uchungu ukimshika mama saa tisa usiku, mume anampigia dereva anayemjua na muda si mrefu wako mlangoni kwetu. Nimepokea watoto ambao miaka ya themanini wangezaliwa juu ya mkokoteni. Lakini mlango ule ule uliwapokea vijana waliovunjika miguu, abiria wa mshikaki waliobebwa watatu bila kofia ngumu, na mara nyingi mno mtembea kwa miguu aliyegongwa akiwa pembeni kabisa mwa barabara, mahali ambapo baba yangu na wenzake walikuwa wakitembea wanne kwa mstari wakipiga soga.

Hapo ndipo penye kilio changu. Lami iliwekwa kwa ajili ya magurudumu. Ukisimama asubuhi kwenye barabara ya kuingia mjini utaona kwamba wengi bado wanatembea: wanafunzi, kina mama wa sokoni, vibarua, wazee wanaokwenda kliniki. Nauli ya bodaboda kwenda na kurudi kila siku ni mzigo kwa anayeuza mafungu ya nyanya. Hawa wamebakiziwa kipande chembamba kati ya lami na mtaro ulio wazi, na pikipiki zinapopitana wanarukia mtaroni.

Dar es Salaam ilipojenga njia ya mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016, ilijenga pamoja nayo njia pana za waenda kwa miguu. Sumbawanga haihitaji mabasi makubwa kama yale, ila inahitaji hizo njia za pembeni. Mitaa mingi ya Katandala bado haijafikiwa na lami, kwa hiyo bado tuna nafasi ya kupanga vizuri. Naiomba manispaa, kila inapochora mtaa mpya, ianze na mtembea kwa miguu: apate njia yake pande zote mbili, iliyotengwa na magari kwa ukingo, na mtaro uliofunikwa. Madereva wa bodaboda ni watoto wetu na sina ugomvi na mkate wao. Lakini mtoto anayekwenda shule kwa miguu leo naye ni wetu, na anastahili kufika.