Mtoto Halali, na Ndoa Je?

Saa nane usiku. Mwanangu wa miaka sita anaruka kitandani kama vile kumekucha. Mimi na baba yake tunategeana: leo nani aamke? Ilifika mahali hatuongei, tunanuniana tu. Si kwamba mapenzi yaliisha jamani, ulikuwa usingizi.

Mtoto wetu ana usonji. Si uchawi wala malezi mabovu. Ubongo wake umekua kwa namna yake. Zaidi ya nusu ya watoto wenye usonji husumbuliwa na usingizi, na sisi, ili atulie, tulimpa simu aangalie katuni kitandani! Kumbe mwanga wa kioo huchelewesha melatonini, homoni ambayo ubongo huitoa giza likiingia ili mwili ujiandae kulala.

Likizo ikafika, tukapanda boti Kilwa Masoko kwenda Songo Mnara, kwa shangazi yake mume wangu. Mchana tulizunguka kwenye yale magofu ya karne ya 14 na 15, mtoto akipapasa kuta za matumbawe mpaka akachoka. Jioni simu zote zikaisha chaji, na nyumba haina umeme. Nikaishiwa nguvu. Shangazi akacheka: "Mkwe, giza nalo lina kazi yake." Akazima kibatari. Yakabaki mawimbi. Saa tatu mtoto kalala! Sisi tukakaa barazani, tukaongea kama zamani.

Usiku mmoja si tiba, najua. Lakini kesho yake nilichaji simu kwa sola ya jirani, nikarekodi yale mawimbi.

Sasa hapa Dar, saa moja kabla ya kulala vioo vyote vinazimwa, hata vyetu. Ukutani kuna picha za hatua zake: kuoga, kuvaa, hadithi, kulala. Simu inapiga mawimbi juu ya kabati, kioo kimelala chini. Na kila siku naandika humo saa aliyolala na aliyoamka. Wiki mbili za maandishi hayo zilimsaidia daktari kuliko maelezo yangu yote. Dawa ya usingizi usimpe mtoto kwa kubahatisha, muulize daktari kwanza.

Bado zipo siku anaamka saa nane. Ila siku hizi hatutegeani. Leo zamu yangu, kesho ya baba yake. Na anayelala, analala kwa amani.