Punda wa mpwa wangu, paka wa bibi, na kasi ya shata

Mliozoea kuniona nikilalamikia PHP na hifadhidata, leo mniwie radhi kidogo. Leo ni kamera. Lakini msiondoke, maana kuna hesabu ndani, na kuna paka.

Kazi yangu ya programu naifanyia Nairobi, ila kwetu ni Kipungani, kile kijiji cha upande wa kusini-magharibi wa kisiwa cha Lamu. Wageni wengi huishia mjini au Shela na hawatufikii. Kwetu wanawake husuka mikeka na vikapu vya ukindu, wanaume wengi ni watu wa bahari, na punda na paka wako kila uendako. Nilipopata kazi ya kwanza nilijinunulia Canon 600D ya mkono wa pili pamoja na lenzi mbili, ile fupi ya 18-55 na ile ndefu ya 55-250. Nikajiona mpiga picha.

Bibi yangu alisikia. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa anajiandaa kwa mashindano ya punda mjini Lamu wakati wa Maulidi. Kwa wasioijua Lamu: punda ndiye gari letu la mizigo, na mbio zake hupita kwenye barabara ya ufuoni, mbele ya mji, watu wamejaa pande zote mbili. Bibi hakuweza kwenda. Kupanda boti kwetu unaingia majini mpaka magotini, na magoti yake hayakuwa na nguvu tena. Akaniambia, “Baba, mimi siendi, lakini wewe una hiyo kamera. Niletee nimwone mtoto anavyokimbiza punda.”

Nikasema, “Usijali bibi.”

Nilirudi na picha 212. Zote ukungu. Ukuta wa nyuma umenyooka vizuri kabisa, unaweza kuhesabu nyufa za chokaa, na mbele yake kuna kitu cha kijivu kimepita kama moshi. Katika moja niliweza kumtambua mpwa wangu kwa rangi ya fulana yake tu. Bibi alizitazama kwenye kioo cha kamera moja baada ya nyingine, kwa adabu, halafu akaniuliza kama nimekula.

Jambo hilo liliniuma kuliko hitilafu yoyote niliyowahi kuipeleka kwa mteja. Basi nikafanya kile ambacho mtu wa kompyuta hufanya akishindwa: nikasoma kumbukumbu. Kila picha ya dijitali hubeba ndani yake taarifa ziitwazo EXIF, yaani kamera huandika yenyewe kasi ya shata, ukubwa wa tundu la lenzi, ISO, na saa. Nikaandika skripti fupi ya Python ya kuzichambua zote 212. Jibu lilikuja kwa sekunde chache, na halikuwa la kujivunia. ISO 100 kwenye kila picha. Tundu f/5.6. Shata kati ya 1/60 na 1/125 ya sekunde.

Kwa nini ISO 100? Kwa sababu mahali fulani nilisoma kwamba ISO kubwa “huharibu picha” kwa chengachenga, nikaifunga hapo nikaisahau. Na kwa nini mwanga ulikuwa haba mchana wote ule? Hili nilipaswa kulijua, mimi mtoto wa Lamu. Mji wa Lamu umetazama mashariki, ng'ambo ya maji ni Manda. Ikifika saa kumi na moja jioni jua liko nyuma ya nyumba, na barabara yote ya ufuoni iko kivulini. Macho yako hayaoni tofauti kubwa. Kamera inaiona.

Sasa hesabu. Shata ni kile kipazia cha ndani ya kamera kinachofunguka na kujifunga. Muda kinapokuwa wazi, chochote kinachosogea mbele yake huchora mstari. Chukua punda anayekimbia mita 6 kwa sekunde, yaani kama kilomita 22 kwa saa, si mbio za kutisha. Kwa 1/125 anasogea karibu sentimita 5 wakati shata iko wazi. Picha yangu ilikuwa na upana wa pikseli 5184 na ilichukua kama mita 6 za barabara, kwa hiyo kila pikseli ni kama milimita 1.2. Sentimita 5 ni pikseli 40 na ushei. Huo ndio moshi niliompelekea bibi. Ukienda 1/1000 punda yuleyule anasogea milimita 6, pikseli 5 tu, na jicho la kawaida litasema picha imenyooka.

Shata ikienda mara nane haraka zaidi, mwanga unaoingia ni sehemu moja ya nane. Lazima uufidie pengine. Tundu langu lilikuwa limeshafika mwisho wa uwezo wa lenzi, kwa hiyo ilibaki ISO: 100, 200, 400, 800. Hatua tatu tu. Mwaka mzima nimekosa picha ya mpwa wangu kwa hatua tatu za kitufe kimoja! Na chengachenga za ISO 800 ukichapisha picha ya ukubwa wa daftari hata huzioni.

Likizo iliyofuata nilikaa Kipungani wiki mbili, nikajifunzia kwa paka wa bibi. Anaitwa Kaimati, kwa rangi yake na kwa unene wake, na ni mwepesi kuliko anavyoonekana. Bibi akiketi uani kuparua samaki, Kaimati hukaa mbali anajifanya haoni, halafu ghafla hayupo alipokuwa. Hakuna mwalimu bora wa kamera.

Siku ya kwanza nilitumia 1/1000 nikapata paka mwenye ukungu tena. Nikachanganyikiwa, hesabu si ilikuwa sawa? Nilipokuza picha nikaona kwamba mchanga nyuma yake ulikuwa umenyooka, safari hii si shata. Ilikuwa fokasi. Kamera yangu ilikuwa kwenye One Shot: unabonyeza nusu, inapima umbali mara moja, inaganda hapo. Wenzangu wa programu watanielewa nikisema ni kama kusoma thamani mara moja na kuihifadhi, wakati chanzo kinabadilika kila sekunde. Paka alikuwa ameshasogea mita nzima kunijia. Dawa ni AI Servo (kwenye Nikon na Sony inaitwa AF-C), ambayo huendelea kupima upya muda wote kidole chako kikiwa kimebonyeza nusu. Nikachagua pia nukta moja tu ya fokasi, ile ya katikati, maana ukiiachia kamera nukta zote tisa itapenda kitu kilicho karibu, na kwetu uani kitu kilicho karibu daima ni ndoo.

Siku ya pili ikaja hila nyingine. Nilikuwa napiga mfululizo kwa mfumo wa RAW, kama wakubwa. Kamera hii hupiga picha 3.7 kwa sekunde, lakini kwa RAW hukaza kama sita hivi kisha hafifu, inasubiri kuandika kwenye kadi. Kaimati aliondoka na kichwa cha changu wakati taa nyekundu inamwekamweka. Nikahamia JPEG, ambapo inaenda thelathini na ushei kabla ya kuchoka. Wataalamu watanicheka, wacheke.

Jambo la tatu nililigundua kwa kulala chini. Bibi alidhani nimeugua. Ukimpiga paka umesimama unapata mgongo na masikio. Ukishuka mpaka usawa wa macho yake, hata picha ya kawaida inakuwa na uso. Fokasi iweke kwenye jicho lililo karibu nawe. Na kwa kuwa mchanga wa uani unang'aa juani, kamera hudhani dunia ni nyeupe mno na kuitia giza. Niliongeza mwanga kwa hatua moja na Kaimati akarudi rangi yake.

Muda pia una maana yake. Lamu iko karibu na ikweta, jua la saa sita liko utosini na kivuli cha paka kiko chini ya tumbo lake. Saa mbili asubuhi na saa kumi jioni ndizo nzuri, ila jioni usizembee, jua likishashuka giza halikungojei.

Kwa ufupi, mpangilio niliotoka nao: kitufe cha juu kwenye Tv (wengine wameandika S), shata 1/1000, ISO ya otomatiki yenye ukomo wa 1600, AI Servo, nukta ya katikati, upigaji wa mfululizo. Paka anayetembea tu hahitaji hata 1/250. Wenye kamera mpya mna raha, tangu 2019 Sony ilileta fokasi inayofuata jicho la mnyama kwenye kamera zake kadhaa, na wengine nao wanayo. Wenye simu, tafuteni sehemu iitwayo Pro mpandishe shata hadi 1/500. Kama haipo, mtoeni mnyama nje kwenye mwanga, mshikilie kitufe ipige mfululizo.

Mwaka ukazunguka. Mashindano yakafika tena, na hiyo ilikuwa mara ya mwisho ya mpwa wangu, alishaanza kurefuka na wapanda punda hawatakiwi kuwa wazito. Nilisimama kivulini palepale. 1/1000, f/5.6, ISO 800. Wakapita kwa sekunde tatu. Nikaangalia kioo, mikono inatetemeka: kila unywele wa shingo ya punda, mchanga umeruka nyuma ya kwato, meno ya mpwa wangu nje. Alimaliza wa nne lakini kwangu alikuwa wa kwanza.

Safari hii nilizichapisha kabisa kabla ya kupanda boti. Bibi akavaa miwani yake, akaishika picha kwa mikono miwili, akaikaribisha dirishani.

“Huyu ndiye mtoto,” akasema. “Ndiye hasa.” Akanyamaza. “Lakini mbona punda amesimama?”

“Hajasimama bibi, anakimbia.”

“Amesimama. Na mguu mwingine ameupeleka wapi?”

Niliitazama upya. Jamani, alikuwa sahihi. Miguu miwili ilikuwa imejificha nyuma ya mingine, mwili umetulia kama sanamu, ukuta wa nyuma umetulia vilevile. Asingejua mtu kwamba pale kulikuwa na kelele.

Baadaye nilikumbuka kwamba si yeye wa kwanza. Juni 1878 huko Palo Alto, California, Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia kumpiga farasi wa tajiri Leland Stanford akiwa mbioni, na ikaonekana wazi kwamba kuna wakati kwato zote nne ziko hewani. Lakini wakati huo si miguu inaponyooshwa mbele na nyuma kama wachoraji walivyochora miaka nenda miaka rudi. Ni inapokunjwa chini ya tumbo. Kweli ilikuwa kwenye picha, na watu waliona farasi amekaa vibaya. Shata ya kasi haikuonyeshi mwendo. Inakuonyesha kipande kimoja chembamba mno ambacho jicho la bibi yangu halijawahi kukiona kwa miaka yake yote ya kuishi na punda.

Kesho yake mpwa alikuwa amesharudi na punda kwa njia ya nchi kavu kupitia Matondoni. Nikamwita.

“Mjomba, amechoka huyu,” akaniambia.

“Mara tatu tu. Pita mbele ya nyumba, kwa mbio.”

Tukamtolea bibi mkeka mlangoni. Mimi nikasimama ng'ambo ya njia. Nikateremsha shata hadi 1/40 na ISO 100, tundu likajifunga lenyewe karibu f/10. Hapa kazi inahamia kiunoni: unasimama miguu imetulia, unamshika punda kwenye nukta ya katikati tangu yuko mbali, unageuka naye kwa mwendo wake, unabonyeza huku ukiendelea kugeuka, na husimami hata baada ya kubonyeza. Ukifaulu, yeye ananyooka na dunia yote nyuma yake inakuwa mistari. Usitarajie nyingi. Mara ya kwanza zote zilikuwa takataka. Mara ya pili nilikata kichwa. Mara ya tatu, kati ya picha kumi na moja, moja.

Uso wa mpwa umenyooka, shingo ya punda imenyooka, miguu ni mviringo wa ukungu, na ukuta wa nyumba umekuwa michirizi ya rangi ya mchanga. Bibi hakuhitaji picha kumwona akikimbia siku hiyo, alikuwa pale, alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Lakini nilipomletea safari iliyofuata aliitia kwenye kabati la vyombo vyake, imeegemezwa kwenye sahani, na ile ya mashindano akampa mpwa.

Kabla ya kuiweka aliikagua mpaka pembeni. Nyuma ya mkia wa punda kuna doa refu jeusi, limeburutwa upande mmoja, chini yake mstari wa rangi za mkeka.

“Na huyu nani?”

“Ni wewe bibi.”

Akacheka mpaka miwani ikateleza. “Kumbe na mimi nilikuwa nakimbia!”