Mji wa Magari Juu ya Alpe d'Huez

Barabara ya kupanda Alpe d'Huez ina kona 21 zilizohesabiwa kinyumenyume. Ukitoka bondeni unakutana kwanza na namba 21. Namba 1 iko juu kabisa, karibu na majengo ya kijiji. Kila kona ina kibao chenye jina la mtu aliyewahi kushinda hapa katika mashindano ya baiskeli ya Tour de France, kuanzia Mwitalia Fausto Coppi mwaka 1952. Kutoka mji wa Bourg d'Oisans hadi mstari wa kumalizia ni kilomita 13.8, na mwinuko wake wa wastani ni asilimia 8, yaani kila mita 100 za barabara zinampandisha mtu mita nane. Kilomita mbili za mwanzo ni kali zaidi ya hapo. Dereva hubadili gia, akaendelea na mazungumzo yake. Kwa njia ya mwaka 2022 mwendesha baiskeli alifika hapa akiwa na zaidi ya kilomita 140 miguuni, tena alikuwa amekwisha kuvuka Galibier, mita 2,642 juu ya bahari, na Croix de Fer inayopita mita 2,000.

Tulikwenda kutazama mashindano Julai ya mwaka huo, mimi, dada yangu na mumewe, ambao makazi yao ni Rotterdam. Shemeji alikodi gari la kulala: vitanda nyuma, jiko la gesi la mafiga mawili, friji ndogo, tangi la maji safi na jingine la maji machafu, na choo ambacho sanduku lake huchomolewa kwa mlango wa nje na kumwagwa mahali palipotengwa. Tulishuka kupitia Luxembourg, ambako madereva wa Ulaya hupenda kujaza mafuta kwa kuwa bei ni nafuu, tukapita Metz, Dijon, Lyon na Grenoble. Baada ya Grenoble barabara inaingia katika bonde la mto Romanche. Milima ilisogea pande zote mbili mpaka anga likabaki ukanda mwembamba juu ya vioo vyetu.

Siku ya mashindano barabara ya mlimani hufungwa kwa magari, na nafasi nzuri huwa zimejaa muda mrefu kabla ya hapo. Sisi tulipata kipande cha changarawe juu ya kitongoji cha La Garde, ukuta wa jabali upande mmoja, korongo upande wa pili. Tukaweka kabari za mbao chini ya magurudumu ya mbele na mawe nyuma yake. Hata hivyo gari lilibaki limeinama, na dada alipopika chapati ilibidi ashike kikaango kwa mkono muda wote, maana mafuta yalikimbilia upande wa bondeni.

Mlima mzima ulikuwa mji. Magari yalipangana bampa kwa bampa kufuata kingo za lami, mengine mapya ya bei ya nyumba, mengine mabasi ya zamani yaliyopakwa rangi kwa brashi. Nguo zilianikwa kwenye vioo vya pembeni. Watoto walichora majina ya waendeshaji kwa chaki barabarani, na watu wazima wakayaandika kwa rangi nyeupe, herufi ndefu kuliko mtu. Jirani zetu walikuwa mume na mke wastaafu kutoka Flanders, sehemu ya Ubelgiji inayozungumza Kiholanzi, kwa hiyo shemeji akawa mkalimani wetu. Wao hulifuata shindano hili kila kiangazi kama wavuvi wanavyofuata samaki: leo Alpes, wiki ijayo Pyrénées, hawana haja ya hoteli wala ratiba ya treni. Bibi yule alikuja kuonja chapati, akaondoka nazo tatu zimefungwa kwenye karatasi. Jioni mumewe akatuletea jibini, akatuonyesha ramani yake iliyochakaa kwenye mikunjo, kila mlima umezungushiwa kalamu.

Hakuna tiketi. Jambo hilo lilinigusa kuliko mandhari yote. Mchezo mkubwa kama huu, unaotazamwa dunia nzima, unapita mlangoni kwa mtu bila malipo. Anayelala ndani ya gari la kifahari na kijana aliyepanda kwa miguu na mkoba wa mkate wanasimama kwenye ukingo uleule, na mwendeshaji huwapita wote kwa umbali wa mkono. Sijui mchezo mwingine wa kiwango hicho unaomheshimu mtazamaji wake namna hiyo, na natamani usibadilike kamwe.

Juu yetu, kwenye kona namba 7, walikuwa Waholanzi. Kona hiyo ni yao tangu enzi ambayo watu wao waliutawala mlima huu: kati ya 1976 na 1989 walishinda hapa mara nane. Tulipopanda kuwatembelea tulikuta rangi ya chungwa kila upande, muziki, moshi wa fataki, na njia imebaki nyembamba kiasi cha kupita mtu mmoja. Dada, aliyeishi nao miaka mingi, alicheza nao. Mimi nilisimama kando nikiwahofia waendeshaji ambao kesho wangepaswa kupenya hapo.

Siku ya mashindano ilikuwa Julai 14, sikukuu ya taifa ya Ufaransa, na joto la mwaka ule lilikuwa la kuogofya hata huko juu. Mchana ukaja msafara wa matangazo, desturi iliyoanza mwaka 1930: malori yaliyopambwa yakirusha kofia, pipi na vipakiti vya soseji, na wazee wenye mvi wakigombania vitu hivyo pamoja na watoto. Ukishapita, barabara hubaki tupu kwa muda mrefu. Hapo ndipo wote tulikusanyika chini ya turubai la Mbelgiji, aliyekuwa na televisheni na dishi juu ya paa, kutazama mashindano yaliyokuwa bado nyuma ya milima.

Tukamwona Mwingereza Tom Pidcock, kijana wa miaka 22, akiteremka Galibier kwa kasi iliyomfanya Mbelgiji avue kofia. Kisha kamera ikaonyesha kundi dogo lililotangulia, na shemeji akapiga kelele: "Froome yumo!"

Kwa wasomaji wa kwetu jina hilo halihitaji utangulizi mrefu. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akafundishwa kuendesha baiskeli na David Kinjah katika kijiji cha Mai-a-Ihii, karibu na Kikuyu, akawakilisha Kenya kabla ya kuchukua uraia wa michezo wa Uingereza, kisha akashinda Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Ufaransa haikumpenda. Mwaka 2015, katika hatua, yaani mbio za siku moja, ya kwenda Mende, alisema mtu alimrushia mkojo huku akimwita mtumiaji wa dawa za kuongeza nguvu. Mwaka 2018 alizomewa tena, ingawa shirikisho la baiskeli duniani lilikuwa limefunga kesi yake ya dawa ya pumu bila kumwadhibu. Juni 2019, akipitia njia ya mashindano huko Roanne, aligonga ukuta, akavunjika paja, kiwiko na mbavu. Tangu hapo alikuwa akifika nyuma sana, mwaka hadi mwaka, na wengi waliandika kwamba amekwisha.

Helikopta ndizo zinazotoa habari. Mlio wake ulianzia bondeni, ukapanda kona kwa kona, na pamoja nao makelele ya watu yakisogea kuelekea kwetu. Pikipiki za polisi zikapita. Kisha Pidcock, peke yake, mdomo wazi, macho hayamwoni yeyote. Nyuma yake wakaja Louis Meintjes wa Afrika Kusini na Froome.

Kwenye mwinuko ule waendeshaji huenda taratibu vya kutosha kuona chumvi ya jasho kwenye jezi. Froome alikuwa amekunja viwiko nje, kichwa kimeinama juu ya usukani, mtindo wake uleule usiopendeza macho. Nilijiandaa kusikia mizomeo. Haikuwepo. Wafaransa waliokuwa mbele yetu, mmoja wao na bendera mabegani, walimpigia makofi na kumwita kwa jina lake la kwanza. Bibi wa Flanders alikuwa akilia. Dada alipaza sauti: "Kaza, kaka, kaza!" Sitaki kudai kwamba alisikia. Lakini Kiswahili kilisemwa mlimani pale, na mtu ambaye huenda angekielewa alikuwa akipita mbele yetu.

Pidcock alishinda. Meintjes akawa wa pili kwa sekunde 48, Froome wa tatu kwa dakika mbili na sekunde sita. Jonas Vingegaard, mwenye jezi ya njano ya kiongozi wa mashindano, na Tadej Pogačar aliyekuwa akimwandama, walifika zaidi ya dakika tatu baada ya mshindi, na dunia ilijadili wao. Sisi chini ya turubai tulijadili kwamba wa pili na wa tatu wote walijifunzia baiskeli kwenye barabara za Afrika. Miaka miwili baadaye Biniam Girmay wa Eritrea angeshinda hatua tatu za Tour na kuvaa jezi ya kijani, ile ya pointi, hadi mwisho.

Watu wengi hukunja viti baada ya vigogo kupita, na hukosa sehemu ambayo mimi naiona bora. Waendeshaji wazito, wale wa mbio za kasi kwenye tambarare na wale waliotumika kuwabebea wenzao chupa za maji, huja pamoja nyuma sana, wakihesabu dakika ili wasipitwe na muda uliowekwa na kuondolewa shindanoni. Walipita wakiwa wameiva jua. Mbelgiji aliwasubiri kwa ndoo ya maji, na kila aliyeinua kidole alimwagiwa shingoni. Kwao makofi hayakupungua hata kidogo.

Barabara ilipofunguliwa, foleni ya magari ilishuka hadi usiku. Sisi hatukuhangaika, kwa sababu hatua ya kesho yake ilikuwa inaanzia palepale Bourg d'Oisans kwenda Saint-Étienne. Tulikuwa tumepanga kurudi Rotterdam baada ya hapo. Shemeji akaazima ramani ya jirani, akaikunjua juu ya boneti, akaweka kidole kwenye mji wa kumalizia wa Jumamosi. Ulikuwa Mende.

"Twende," dada akasema. "Safari hii atashangiliwa hapohapo."

Tukaenda kutafuta gesi ya kutosha.