Kompyuta Moja kwa Nyumba Nzima



Tumeulizwa mara mbili sasa, mara ya kwanza harusini Ibra na mara ya pili tukingoja zamu katika duka la dawa hapa Al Kamil, kama ni kweli kwamba nyumbani kwetu wajukuu wanne wanasoma kwa kompyuta moja kwa wakati mmoja, kila mmoja na skrini yake, na kwamba kazi yote iligharimu kiasi cha laputopu moja. Ni kweli. Na kwa kuwa huyo aliyetuuliza mara ya pili alikuwa mama wa watoto watano wenye simu moja baina yao, tumeona afadhali tuandike kuliko kueleza vipande vipande njiani. Ila tumekusudia kueleza na yale yaliyotuharibikia, kwani harusini hatukuyasema.

Sisi si mafundi. Tumefundisha hesabu zaidi ya miaka thelathini, kwanza Unguja na baadaye huku Sharqiyah. Tulipokuwa Mlimani, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kompyuta ilikuwa ni jambo la kusikia tu. Wajukuu hawaamini tunapowaambia kwamba mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mashine ya hesabu za Wizara ya Fedha kutotimiza yaliyotarajiwa. Tulipata shahada yetu kwa majedwali ya logi na kalamu ya risasi. Tunayataja haya ili msomaji mwenye umri wetu asije akasema mambo haya ni ya vijana.

Chanzo chake ni Korona. Katikati ya Machi 2020 shule zote za Oman zilifungwa, na mwaka wa masomo uliofuata watoto wengi wakawa wanasomea nyumbani kwa njia ya intaneti. Sisi tulikuwa na watoto wanne wa shule chini ya dari moja, simu mbili, na laputopu ya mama yao ambayo aliihitaji kwa kazi yake. Asubuhi ilikuwa vita. Mkubwa akishika simu, mdogo analia. Mdogo akipewa, mkubwa anakosa mtihani. Aliyepata simu hujifungia chumbani, na akishajifungia hujui kama yuko darasani au yuko kwingine. Sisi tuliokwisha kusimama mbele ya madarasa ya wanafunzi arobaini tulishindwa na wanne.

Kijana mmoja wa jirani, fundi wa mitandao, ndiye aliyetutajia habari ya kompyuta zisizo na diski. Waingereza wameipa mashine ya namna hiyo jina ambalo maana yake ni "mteja mwembamba", na jina lenyewe lilituchekesha, lakini tulipolifikiri tukaliona limepatiwa. Ni mteja anayekuja dukani na kikapu kitupu: hana ghala nyumbani kwake, kila anachohitaji anakichukua dukani, na akimaliza anakirudisha. Duka hilo ndilo linaloitwa seva, yaani kompyuta moja yenye nguvu na diski inayohifadhi programu zote na kazi za watu wote. Sisi tumezoea kuviita vikapu hivyo vituo, na katika makala haya tutaendelea hivyo.

Fikra yenyewe ni kongwe, kwani kompyuta za zamani za maofisini zilikuwa hivyo hivyo, mashine moja ya chumba kizima na watu wengi mbele ya skrini zao. Mwaka 1999 Mmarekani mmoja, Jim McQuillan, alianzisha mradi wa LTSP, ambao ni programu ya bure inayofanya kazi na Linux na inayowezesha kompyuta kuukuu kuwaka kwa kupitia waya wa mtandao bila ya kuwa na diski. Afrika Kusini, taasisi ya Shuttleworth Foundation ilisaidia shule nyingi kupata maabara za aina hiyo zilizoitwa tuXlab. Mwaka 2019 LTSP iliandikwa upya. Zamani kituo kilikuwa skrini tu na hesabu zote hufanywa na seva. Siku hizi kituo hupokea mfumo mzima kutoka kwa seva kinapowaka, kisha hufanya hesabu zake chenyewe, na faili za mtoto hubaki kwenye seva. Tofauti hii ni muhimu kwa mnunuzi: usinunue kituo dhaifu kupita kiasi. Chenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 kinatosha kwa masomo ya mtoto. Chenye 1 kitakutia hasira.

Tulikwenda Ruwi siku mbili. Safari moja ni zaidi ya saa mbili kwa gari, na tulirudi mara ya kwanza mikono mitupu kwa kuwa tulitaka kuuziwa vitu ambavyo hatukuvihitaji. Mara ya pili tulikwenda na karatasi. Kompyuta ya ofisi iliyotumika, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16, tuliipata kwa riali 55. Vituo vinne, visanduku vidogo vilivyotoka ofisini, riali 12 kila kimoja. Skrini mbili tulipewa na jamaa, mbili tulinunua kwa riali 8 kila moja. Swichi ya mtandao riali 9, nyaya riali 6. Jumla riali 134. Kibodi na vipanya hatukuvihesabu kwa sababu kila nyumba ina droo la vitu hivyo. Programu haikutugharimu hata baisa moja.

Anayetaka kujaribu leo yuko katika hali bora kuliko yetu. Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi nzima kabisa haziwezi kupokea Windows 11. Ofisi inayotaka kuziondoa haitaziuza kwa bei kubwa, na kwa kazi hii zinafaa mno.

Kufunga mitambo kulichukua siku tatu, na siku mbili kati ya hizo zilipotea bure kwa sababu tulitaka kutumia wayalesi. Ndugu, msijaribu. Vituo vya namna hii huwaka kwa waya, na waya uwe mzuri, kwani mfumo mzima unapita humo kila asubuhi. Jambo lililotufurahisha ni kwamba ruta tuliyopewa na kampuni ya simu hatukuigusa. LTSP inakaa pembeni yake na kufanya kazi yake. Kwenye kila kituo unaingia mara moja tu katika mpangilio wa mwanzo, unakiambia kiwake kwa mtandao badala ya kutafuta diski, basi. Kuanzia hapo kazi yote iko kwenye seva. Ukitaka kuongeza programu unaiweka pale mara moja, unatengeneza upya ile nakala ya mfumo ambayo vituo huipokea, na kesho vikiwaka vyote vimeshaipata. Mtoto akivuruga mambo ya mfumo kwenye kituo chake, unakizima na kukiwasha, vurugu limekwisha. Laiti darasa letu la mwaka 1995 lingekuwa hivyo.

Ipo na programu iitwayo Epoptes, neno la Kigiriki lenye maana ya msimamizi, ambayo humwonyesha mwalimu skrini zote kwa pamoja. Hatukuwaambia wajukuu. Siku ya pili tulimwita kwa jina mmoja aliyekuwa akicheza mpira kwenye skrini wakati wa somo la sayansi, nasi tuko jikoni. Tangu siku hiyo wanaamini bibi yao anajua mambo ya ghaibu.

Yapo mapungufu. Baadhi ya programu za shule zinataka Windows, na kwa hizo tumebakisha laputopu moja. Intaneti ikikatika, masomo ya mbali yanakatika vilevile. Lakini Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, tumeipakua yote kwa njia ya Kiwix, nayo inasomeka kwenye vituo vyote bila intaneti.

Na hapa tuingie katika jambo ambalo hatukulikusudia tulipokwenda Ruwi. Kwa kuwa vituo vina nyaya, vyote vilibidi viwe chumba kimoja, na chumba kilichokuwa na nafasi ni kile alichokuwa akikaa mama yetu mzazi, ambaye wajukuu wote walimwita Bi Mkubwa. Alikuwa amevuka miaka tisini, Kiarabu chake ni cha kuamkiana tu, na kwa muda mrefu watoto walikuwa wakipita mlangoni kwake, wanamwamkia "shikamoo Bi Mkubwa", anaitikia marahaba, wanakwenda zao. Sasa walikaa kwake saa nne kwa siku. Akiuliza, "Hicho unachokisoma nini?" ilibidi ajibiwe, na Kiarabu cha kitabu hakimfai kitu. Mtoto akawa anatafuta Kiswahili cha usanisinuru, cha pembetatu, cha mkataba. Alipokosa neno, Bi Mkubwa humpa la kwake, ambalo pengine halikuwa sahihi hata kidogo, na hapo huanza kicheko. Sisi tuliokuwa tukiwahimiza kwa miaka watoto hawa waseme Kiswahili, kwa kuomba na kwa kukaripia, tulikuwa tukipita pale barazani na kusikiliza bila ya kuingia.

Mjukuu wa pili ndiye aliyeanza kumrekodi. Alifunga kipaza sauti kwenye kituo chake na kumuuliza jamaa ni akina nani: nani alizaliwa Ng'ambo, nani alihamia Tanga, nani alibaki Pemba, nani aliondoka na hakuandika tena. Faili zilijaa kwenye seva, saa kumi na moja na zaidi kwa jumla, baadhi yake zikiwa na sauti ya jogoo wa jirani. Bi Mkubwa alifariki Februari 2024. Mungu amrehemu.

Sasa kosa letu. Ile seva ilikuwa ikivuma na taa zake zinamemeteka, na wageni wa matanga walipokuja tuliona haya, tukaiingiza katika kabati la mbao chini ya televisheni na kufunga mlango. Matanga yalikwisha, nayo ikabaki kabatini. Mnajua joto la hapa kwetu, na mnajua mchanga wa Ramlat Wahiba unavyoingia hata ndani ya sanduku lililofungwa. Mwezi Julai tulikwenda Salalah kwa wiki moja, tukazima viyoyozi vyote kwa kubana matumizi, na mashine tukaiacha inawaka. Tuliporudi ilikuwa kimya na diski yake haisomeki. Vituo vyote vinne vilisimama siku moja, kwani duka likifungwa wateja wote hurudi na vikapu vitupu. Kazi za shule zilikwenda. Barua za jirani yetu mmoja, aliyekuwa akizichapa kwetu kwa ajili ya ukaazi wa familia yake, zilikwenda, na ilibidi tumwambie uso kwa uso. Na Bi Mkubwa akaenda mara ya pili.

Nakala hatukuwa nayo. Tulifundisha watoto wa watu kuandika majibu kwanza katika karatasi ya kando, na sisi wenyewe hatukuwa na karatasi ya kando. Tulimpelekea fundi mmoja ile diski, akairudisha baada ya siku kumi akitikisa kichwa.

Kilichopatikana kilipatikana kwenye simu. Yule mjukuu aliyekuwa akirekodi, kumbe usiku alikuwa akihamisha vipande kwenye simu yake, ili amsikilize bibi yake kabla ya kulala. Vilikuwa vipande saba, jumla ya saa moja na dakika arobaini hivi. Ni simu ileile tuliyomkaripia kwa ajili yake mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Katika vipande hivyo jina la ndugu yake mama aliyebaki Pemba limo. Majina ya watoto wake hayamo, nasi tunaendelea kuulizia.

Tulianza upya mwezi wa Septemba. Seva ya sasa iko juu ya meza, wazi, mbali na ukuta, na ina betri ndogo ya kuizuia isizimike ghafla umeme unapokatika. Tukisafiri, inazimwa. Ina diski mbili ndani yake, zenye mambo yaleyale, na ya tatu iko nje, ambayo kila Alhamisi hupokea nakala kisha hupelekwa kwa jirani yetu, yule wa barua. Yeye naye hutuletea ya kwake. Diski ya nje ilitugharimu riali 19, na tunaiomba kamati ya jarida hili itusamehe kwa kuirudia: riali 19 hizo zihesabiwe pamoja na zile 134 tangu siku ya kwanza, kabla hata ya kununua skrini.

Chumba bado ni kilekile, na kitanda cha Bi Mkubwa kimebaki mahali pake kwa kuwa watoto walikataa kiondolewe. Kituo cha karibu na dirisha huwa hakiwaki mpaka kibonyezwe mara mbili; sababu hatujaijua.

Atakayetaka kuja kuona, tupo kila siku baada ya sala ya Alasiri isipokuwa Ijumaa. Aje na orodha ya alivyonavyo nyumbani, hata vibovu, na wale watakaokwenda Ruwi mwezi huu watuarifu mapema, kwani tuna haja ya nyaya tatu za mita kumi, na mmoja wa watoto amekalia kuti kavu la waya uliounganishwa kwa utepe.